Samaki Anayerudishwa Majini: Je, Hiyo Ni Huruma?



Ndugu zangu, mkiulizwa nani mwenye huruma zaidi, yule anayemvua samaki akamkaanga, au yule anayemvua, akamtazama, kisha akamrudisha majini akiwa hai, wengi wenu mtamtaja wa pili. Na mimi ningetarajia jibu hilo. Samaki wa kwanza amekufa, wa pili anaogelea, kwa hiyo hesabu inaonekana nyepesi. Makala hii inasema kwamba kwa mizani ya dini yetu hesabu hiyo si nyepesi hata kidogo, na kwamba huyo wa pili ndiye mwenye kazi kubwa zaidi ya kujieleza.

Hapa kwetu Bujumbura swali hili halina mwenyewe. Mtu anayetoka ziwani na mukeke hatujawahi kumuuliza kwa nini hakumrudisha. Wala hatuna desturi ya kwenda kukaa ukingoni mwa Rusizi saa moja au mbili kwa burudani, maana kwa mamba na viboko waliopo pale huenda mvuliwaji ukawa wewe. Swali limetujia kutoka Uingereza, ambako yuko mwenzetu wa zamani wa jumuiya hii, kijana wa Buyenzi, anayefanya kazi mjini Manchester. Wenzake kazini humchukua jioni wakavue kwenye mfereji. Ametuandikia akiuliza kama ana dhambi. Kuna waliocheka, na kuna waliomjibu mbio mbio kwamba samaki ni halali, tatizo liko wapi? Mimi naona ameuliza jambo zito kuliko alivyodhani.

Kwanza tuijue picha yenyewe. Uingereza ina mifereji mingi iliyochimbwa zamani kwa ajili ya mashua za mizigo. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 ili kuleta makaa ya mawe Manchester. Mizigo ilihamia kwenye reli na barabara, maji yakabaki, na samaki wakabaki nayo. Waingereza huwagawa samaki wa maji baridi mafungu mawili: samoni na trauti, ambao tangu zamani walihesabiwa kuwa samaki wa heshima na wa mezani, na wengine wote, yaani rochi, perchi, brimu, paiki na wenzao, ambao kwa lugha yao huitwa kwa neno lenye maana ya kitu duni, kisicholainishwa. Hao duni ndio wanaovuliwa na mtu wa kawaida. Anatoka kazini, ana ufito mmoja, mkoba mdogo, kipande cha mkate au kikopo cha funza wa chambo. Anakaa saa moja na nusu akitazama boya. Likizama, anavuta. Anampokea samaki kwa wavu wenye mpini, anaitoa ndoano mdomoni, pengine anampiga picha, halafu anamrudisha. Jua likizama anarudi nyumbani mikono mitupu na moyo umetulia.

Na tuseme ukweli, wanafanya kwa adabu. Wengi hutumia ndoano isiyo na kile kijino cha kuzuia ili itoke kwa urahisi. Hulowesha mikono kabla ya kumshika, ili wasimtoe ute unaomkinga ngozi. Mtu mzima hawezi kuvua bila leseni ya serikali. Mito ya huko hufungwa kwa uvuvi wa samaki hawa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, ili wazaane. Sisi tunaopitisha nyavu za macho madogo ziwani tusiwacheke.

Sasa tuje kwenye sheria yetu. Lipo jambo moja nitaliondoa mapema, nalo ni la muda. Kuna anayedhani kosa liko kwenye kukaa bure saa nzima. Sikubaliani naye. Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alijiona mnafiki kwa sababu akiwa mbele ya Mtume moyo wake ulihuisha Akhera, na akirudi kwa mke na watoto akasahau mengi. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile, kama ilivyopokewa na Muslim. Mtu aliyesimama kiwandani siku nzima ana haki ya kutazama maji, alimradi Magharibi isimpite. Tunachouliza ni nani anayeilipia hiyo raha yake.

Mwenyezi Mungu ameihalalisha mawindo ya bahari katika Suratul Maida, na ameitaja pamoja na chakula chake, kuwa ni manufaa kwetu na kwa wasafiri. Hapo pana mwanga. Uhalali umekuja umeshikana na manufaa. Wanazuoni waliifuata njia hiyo. Walisema asili ya uwindaji ni ruhusa, lakini hukumu hubadilika kwa kusudio. Ukiwa wa mchezo mtupu wengi wameuhesabu kuwa makruhu. Wamaliki wameenda mbali zaidi: katika Mukhtasari wa Khalil, kitabu wanachokitegemea sana, kumkamata mnyama anayeliwa pasipo nia ya kumchinja kumewekwa upande wa haramu. Mtaniambia samaki hachinjwi, na sisi wa ukanda huu ni Mashafii. Ni kweli. Lakini angalieni sababu iliyo nyuma ya maneno yale: umemtia kiumbe mashakani, na tangu mwanzo hukuwa na haja naye. Sababu hiyo haina magamba wala manyoya.

Ipo pia hadithi ya shomoro aliyeuawa bure, atakayemshitaki muuaji wake Siku ya Kiyama kwamba hakumuua kwa manufaa. Imo katika Nasai, na wapo waliozungumzia isnadi yake, basi tusiiegemee peke yake. Imara zaidi ni ile ya Ibn Umar (r.a.) aliyewakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga kwa mishale. Walipomwona walitawanyika. Akawaambia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya chenye roho kuwa shabaha. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Vijana wale hawakuwa na njaa, na pengine hata chuki na yule ndege hawakuwa nayo. Walikuwa wanapitisha jioni.

Hapa mtetezi wa mfereji atasema: lakini sisi tunamrudisha! Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliamuru kurudishwa. Anaikusudia ile hadithi ya Abu Daud, ya Masahaba waliochukua makinda wawili wa ndege safarini, mama yao akawa anapiga mbawa juu yao, na Mtume akauliza nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaagiza warudishwe. Naipenda sana hadithi hii, na kwa kuipenda nasema inamjibu mtetezi huyo vibaya. Kurudisha kule kulikuwa dawa ya jambo lililokwisha kutendeka. Haiwezekani dawa hiyo ikawa sehemu ya mpango. Hebu fikirini Masahaba wale wangekuwa wanachukua makinda kila jioni ili wapate kumwona mama akipiga mbawa, kisha wayarudishe kwa upole na mikono iliyoloweshwa. Tungesema wamefuata Sunna?

Ndiyo maana nimesema anayemrudisha ndiye mwenye kazi zaidi ya kujieleza. Anayekula amepata sababu, na samaki aliyekufa amekufa kwa kitu ambacho Muumba wake amekiruhusu. Anayerudisha amechukua maumivu peke yake, akaiacha ile riziki iliyokuwa inayahalalisha.

Kama maumivu yapo. Hapo ubishi ni mkubwa, na wanasayansi hawajauzima. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, James Rose, aliandika kwamba samaki hana ile sehemu ya ubongo ambayo kwetu inatufanya tuhisi maumivu kwa fahamu. Mwaka uliofuata Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walichapisha utafiti wao juu ya trauti. Walikuta kichwani mwake vipokezi vinavyoitikia madhara. Walipomdunga asidi midomoni, samaki aliisugua midomo kwenye changarawe, na akachelewa kurudi kula. Midomoni, ndugu zangu, palepale pa ndoano. Mimi si mtu wa biolojia, lakini nimesoma usuli wa kutosha kujua kwamba penye shaka juu ya madhara, mwenye dharura husamehewa, na aliyetoka kwenda kujiburudisha hana dharura.

Cha kushangaza ni kwamba hoja hii si yetu peke yetu. Sheria ya Ujerumani inakataza kumtia mnyama maumivu bila sababu ya maana, na kanuni za Uswisi za mwaka 2008 zinakataza kwenda kuvua kwa nia ya kumwachia samaki. Someni tena hapo: kwa nia. Waswisi hawajasoma Khalil. Uingereza yenyewe ina sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006, lakini yale yanayotokea katika uvuvi wa kawaida yamewekwa nje ya sheria hiyo.

Nisiwe hakimu wa upande mmoja. Kuna hoja mbili zinazonisumbua kweli. Ya kwanza ni Abu Umayr, mdogo wake Anas (r.a.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kindege hicho, na wanazuoni wametoa humo ruhusa ya mtoto kucheza na ndege. Basi kujifurahisha kwa kiumbe si haramu kwa jumla yake. Nakubali. Lakini wanazuoni haohao wameweka sharti kwamba asiteswe, na kindege yule hakuwa na chuma mdomoni.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mito ya Uingereza imetetewa kwa kiasi kikubwa na wavuvi hawahawa. Katika kesi iliyoamuliwa kwenye Mahakama ya Rufaa mwaka 1952, chama cha wavuvi wa Derby kiliushinda uongozi wa mji, kiwanda cha British Celanese na mamlaka ya umeme, waliokuwa wakiuchafua mto Derwent kwa maji taka na maji ya moto. Walisikilizwa kwa sababu gani? Kwa sababu walikuwa na haki ya kuvua pale. Asiye na ndoano angesimama mahakamani na nini? Samaki wangapi waliokoka kwa ajili ya wale waliochomwa midomo, mimi siwezi kuhesabu. Nikiitazama hoja hii naona inakitetea chama na haki yake mtoni, wala haimlazimu mtu mmoja kuvuta samaki ishirini jioni moja. Lakini siidharau, na sijapata jibu linaloimaliza.

Kwa hiyo nimemwandikia ndugu yetu hivi. Kwa anayetoka nyumbani amekwisha kusudia kumrudisha kila atakayempata, mimi naona ni makruhu yenye uzito. Neno haramu nawaachia wenye elimu. Na asifikirie kuikwepa kwa kuwabeba nyumbani kwa siri, kwa sababu kwenye mifereji samaki ana mwenyewe, na kumchukua bila idhini ni wizi kwa sheria yao na kwa yetu. Mtoni huruhusiwa wachache wadogo kwa siku, kwa vipimo vilivyowekwa. Akitaka ufito na raha yake yote, bahari ya Wales ya kaskazini haiko mbali na Manchester, na makreli hufika pwani wakati wa kiangazi. Huko atavua, atakula, atamgawia jirani. Na siku nyingine akakae na wenzake mferejini bila ndoano. Watamshangaa kidogo, kisha watazoea.

Limebaki letu. Nilipokuwa naandika haya nilipita ufukweni asubuhi, mashua za taa zikishusha ndagala. Sisi sababu tunayo, tunavua ili tule. Lakini sababu inafungua mlango wa kuvua tu, haimalizi adabu ya ndani. Mtume (s.a.w.) ameamrisha wema katika kila kitu, hata kisu kinolewe na anayechinjwa apumzishwe. Sheria ilipotupunguzia kuchinja samaki ilikuwa tahafifu kwetu, nasi tukaigeuza kuwa kutomjali. Sangala mkubwa huachwa sakafuni mwa mashua anahema mpaka akome mwenyewe, na watu wanaendelea na mazungumzo. Anayetaka kumpumzisha angempiga kichwani mara moja, papo hapo. Waingereza wana kirungu kidogo cha kazi hiyo, na kwa utani wao wamekiita kasisi, kwa kuwa ndicho kinachomhudumia samaki dakika yake ya mwisho. Nilimuuliza mzee mmoja pale ufukweni kama mashuani mwake kuna kitu cha namna hiyo. Akanionyesha kipande cha kafi kilichovunjika, kimelainika kwa kushikwa miaka mingi. Akasema alirithi kwa baba yake, na kwamba vijana anaovua nao siku hizi hudhani ni cha kuwashia moto.