Kula na Kusaza

Ukimuuliza mzee wa Unguja au Pemba habari za miaka ya neema, hatakutajia utajiri. Atakwambia, "Tulikula tukasaza." Asili ya neno haijifichi: kusaa ni kubaki, na kusaza ni kufanya kitu kibaki, ndiko yalikotoka masazo.

Ninalolitazama mimi ni mpango wa vitenzi hivi viwili. Kula kumetangulia. Anayesaza kabla ya kula ana jina lake katika lugha yetu, nalo si la sifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei nzuri ng'ambo, na Serikali ya Zanzibar ikajiwekea akiba kubwa ya fedha za kigeni. Miaka hiyo hiyo mchele na sukari vilitolewa kwa mgao, watu wakipanga foleni. Kwa hesabu ya benki, visiwa vilisaza. Je, vilikula?

Yuko atakayesema kuwa akiba ni busara, na wajukuu nao wana haki yao. Sikatai. Lakini sazo hupatikana baada ya shibe, katika sinia lililozungukwa na walaji. Kilichobaki katika sinia lililofunikwa, walaji wakalitazama kwa mbali, mimi siwezi kukiita sazo. Ni chakula walichonyimwa. Na miongoni mwa waliosimama katika foleni zile walikuwamo wachumaji wa Pemba, mikono yao ingali ikinukia karafuu.