Je, Kutojua Ni Sawa na Kujua Kwamba Sivyo?

Je, ni haki kumwambia mtu "hapana" kwa sababu tu hatuna habari zake? Swali hili ni la maadili, lakini mimi nililikuta katika somo la kompyuta, tulipojifunza programu za mantiki.

Programu ya mantiki ni mkusanyiko wa taarifa na kanuni. Prolog, lugha iliyoanzia Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, ina desturi moja: jambo lisiloweza kuthibitishwa huhesabiwa kuwa si kweli. Desturi hii si mbaya yenyewe. Ratiba isipotaja basi la saa nane, msafiri ana haki ya kusema halipo, kwa kuwa ratiba huandikwa ili itaje mabasi yote. Daftari la vizazi si ratiba. Mtoto aliyezaliwa njiani, wazazi wakikimbia vita, amezaliwa hata kama jina lake halimo.

Michael Gelfond alilishughulikia tatizo hili. Mwaka 1991 alitumia mfano wa chuo kinachotoa ufadhili. Mwenye alama za juu anastahili. Mwenye alama za wastani anastahili akiwa wa jamii ya wachache. Asiye na alama za juu wala za wastani hastahili. Na yule ambaye haijulikani kama anastahili au hastahili, aitwe kwenye usaili.

Sasa yupo Mike, ambaye tunajua tu kwamba alama zake ni za juu au za wastani. Hali zinazowezekana ni mbili: katika ya kwanza anastahili, katika ya pili hatuwezi kusema lolote. Programu ya kawaida hupima kila hali peke yake. Katika ya kwanza haimwiti, katika ya pili inamwita, na mwisho haina hakika. Gelfond aliongeza alama yenye maana ya "inajulikana kwamba": jambo hujulikana likiwa kweli katika hali zote zinazowezekana. Tukizitazama hali zote mbili kwa pamoja, kustahili kwa Mike hakujulikani, wala kutostahili kwake. Basi anaitwa.

Wengine watasema ofisi haiwezi kungoja hakika kila siku. Ni kweli, lakini kanuni hii haingoji. Inaamua palepale, na uamuzi wake ni kuuliza. Kwangu hilo ndilo fundisho: kutojua kunamwekea mwenye mamlaka wajibu, hakumpi ruhusa ya kukataa.

Ipo hatari ya pili. Tuchukue kanuni isemayo: "jambo hili ni kweli ikiwa inajulikana kuwa ni kweli." Tafsiri ya 1991 iliruhusu imani isimame juu ya kanuni hiyo bila ushahidi mwingine, mwaka 2011 Gelfond aliirekebisha ili kuizuia. Mitaani tunaijua imani ya namna hiyo: fulani ni mchawi kwa sababu kila mtu anajua ni mchawi. Watu wamefukuzwa vijijini kwa hoja hiyo.

Kwa hiyo nikisikia kwamba kompyuta "imemkataa" mtu, nauliza kwanza: kanuni ya kumwita na kumsikiliza ilikuwemo? Kama haikuwemo, basi aliyemkataa ni yule aliyeziandika kanuni, naye ndiye wa kujibu.