Takrima Mezani pa Zabuni

Kagongwa, mji wa mashine za mchele wilayani Kahama, mhudumu wa gesti husifiwa kwa ukarimu. Akihamia ofisi ya ununuzi ya umma, mambo yanageuka: sasa mzabuni ndiye anayemletea gunia la mchele, “la watoto tu.”

Je, kiti kinaweza kuugeuza ukarimu kuwa dhambi?

Ibn al-Lutbiyya, mkusanya zaka, alirudi Madina akitenga mali ya umma na zawadi alizopewa kazini. Mtume Muhammad akahoji: angekaa nyumbani kwa baba au mama yake, zingemfuata? Swali kali hilo, maana halijali ukubwa wa gunia.

Hata sheria za Tanzania ziliyumba kuhusu ukarimu wa aina hii. Mwaka 2000 takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, iliruhusiwa kwenye uchaguzi. Mahakama Kuu ikaibatilisha 2006.