Hayo Mafuta Yamekukubali?

Bibi yangu kule Msambweni hajawahi kuniuliza kama najiona mrembo. Huuliza, "Hayo mafuta yamekukubali?" Zamani nililichukulia swali hilo kama soga tu. Siku hizi naona limebeba hoja nzito: kuitunza ngozi ni kujipenda, au ni kujikataa polepole?

Mwaka juzi nilinunua kikopo cha krimu kibandani Ukunda. Hakikuandikwa kimetengenezwa na nini wala na nani. "Wiki mbili tu, utang'aa," muuzaji akaniambia. Nikang'aa kweli. Kufikia wiki ya sita jua la Diani lilikuwa likiniwasha kama pilipili, na mashavu yamekuwa mekundu. Bibi alinitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, huu uso ni wa nani?"

Marafiki wakanitetea: mwili ni wako, bibi anaingiliaje? Hoja hiyo siidharau. Mtu mzima ana haki ya kubadilisha nywele, nguo, hata jina. Lakini kuchagua ni kujua unachochagua. Baadhi ya krimu za kujichubua zina zebaki, ambayo huzuia ngozi kutengeneza melanini, kisha hupenya mwilini na kuumiza figo. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uligusa hata vipodozi. Kikopo changu sijui kilikuwa na nini. Basi naweza kusema nilichagua? Nilichojua ni kimoja tu: nilitaka uso usiokuwa wangu.

Usidhani sasa nitakuambia urudi kwa vitu vya asili, mambo yaishe. Baada ya krimu ile nilihamia mafuta ya nazi, tena ya kukamuliwa nyumbani. Wiki moja tu, chunusi paji zima. Nilitegemea bibi ayatetee mafuta yake. Akacheka: "Yamekukataa hayo. Wacha." Bibi huyu ujanani alisaga liwa kwenye jiwe akajipaka usoni, kwa hiyo hana neno na urembo. Anachokataa ni kuilazimisha ngozi.

Basi nikaanza upya, kwa kuuliza. Nilinawa uso, nikakaa kama saa moja bila kupaka chochote. Ukiona pua na paji vinameta, ngozi yako ni ya mafuta. Ukihisi uso umekaza, ni kavu. Vikimeta hapo katikati na mashavu yamekaza, ni mchanganyiko, kama yangu. Asubuhi nanawa kwa sabuni isiyo kali, napaka losheni nyepesi, halafu krimu ya kukinga jua, SPF 30. Usiku nanawa tena na kupaka losheni. Wenye ngozi kavu watataka losheni nzito zaidi. Kitu kipya naongeza kimoja kimoja, ili kikinikataa nikijue.

Kuna watakaosema huu wote ni ubatili, uzuri wa mkakasi. Waulize watu wenye ualbino. Nchini Kenya, serikali kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwapa losheni ya kukinga jua bila malipo, kwa sababu kwao jua linaweza kuleta saratani. Losheni hiyo haimbadilishi mtu awe mwingine. Inamlinda abaki alivyo.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Kabla ya kununua chochote najiuliza: hiki kinailinda ngozi niliyo nayo, au kinaniahidi ya mtu mwingine? Sidai nimepona tamaa. Nikipita pale kibandani, jicho bado linateleza.

Mwezi uliopita nilirudi Msambweni. Bibi alinishika kidevu, akanigeuza uso huku na huku penye mwanga. Hakusema nimependeza. Alisema, "Ni wewe."

Nikaketi, tukanywa chai.