Tumaini la Shabiki, Je, ni Ujinga?

Wako watu ambao kila msimu wa mpira uanzapo husema, "Mwaka huu ni wetu," ingawa mwaka uliopita timu yao ilishindwa vibaya. Ikifungwa mchezo wa kwanza, husema ligi ni ndefu. Ikifungwa wa tano, husema wachezaji hawajazoeana. Ikifungwa wa kumi, huanza kuhesabu upya: tukishinda mitatu, na fulani akifungwa miwili, tutaokoka. Wenzao huwacheka na kuwaita wajinga. Basi twauliza: tumaini la namna hii ni ujinga, au ni jambo jema? Swali hili laonekana dogo, kwani mpira ni mchezo tu. Walakini jinsi mtu azoeavyo kutumaini katika madogo, ndivyo atumainivyo katika makubwa.

Wanaocheka wana hoja, wala si vema kuidharau. Husema ya kuwa mwenye akili huamini kadiri ya mambo ayaonayo. Timu iliyofungwa mara nyingi yaelekea kufungwa tena, na anayekana jambo hilo ajidanganya mwenyewe.

Na tutazame yaliyotokea Uingereza. Katika ligi kuu ya nchi ile timu ni 20, kila moja hucheza michezo 38, na tatu za mwisho hushushwa daraja. Msimu wa 2014 hadi 2015 timu ya Leicester City ilikuwa ya mwisho kabisa wakati wa Krismasi. Ilipokwisha kucheza michezo 29 ilikuwa na pointi 19 tu. Kisha katika michezo 9 iliyosalia ikashinda 7, ikaokoka. Msimu uliofuata ulipoanza, wenye maduka ya kamari walikuwa tayari kulipa 5,000 kwa 1 kama Leicester ingekuwa bingwa, maana waliona haiwezekani. Mwezi wa Mei 2016 ikawa bingwa, kwa pointi 81.

Kisa hiki hupendwa sana na wenye tumaini, lakini tusikitumie vibaya. Kwa Leicester moja ziko timu nyingi zilizotumainiwa vivyo hivyo zikashuka. Na Leicester yenyewe ilishushwa mwaka 2023. Tena iko habari ya Derby County. Msimu wa 2007 hadi 2008 timu hiyo ilishinda mchezo mmoja tu, ikaenda sare 8, ikafungwa 29. Mwezi wa Machi, michezo sita ikiwa bado, ilikuwa imekwisha shuka. Hata hivyo, kwa wastani, watu zaidi ya 30,000 walikuja uwanjani kwake katika kila mchezo wa nyumbani.

Watu hao walikuwa na tumaini gani? Hawakuwa vipofu, msimamo wa ligi waliusoma kama wengine. Hapa ndipo tuonapo ya kuwa kutumaini na kubashiri ni mambo mawili. Abashiriye husema, "Itashinda," na ikifungwa neno lake limekuwa uongo. Atumainiye husema, "Yaweza kushinda, nami nitakuwapo." Neno hilo halivunjwi na kufungwa, livunjwalo ni pale mwenyewe aondokapo.

Lakini si kila aketiye uwanjani ana tumaini la kweli. Yule ambaye kila akifungwa humtukana mwamuzi, na kuwachukia walioshinda, huyo aikimbia kweli. Na yule awekaye karo ya mtoto wake katika kamari, akisema ana imani na timu yake, huyo ni mjinga hasa, kwa maana amewatoza watu wa nyumbani mwake gharama ya ndoto yake. Tumaini jema husoma hesabu zote, halimlipishi mtu mwingine, wala halimtupi mpendwa kwa sababu ameshindwa.

Sasa na tuangalie karibu. Katika kila darasa yuko mtoto wa mwisho. Sisi walimu twamwona mzazi mmoja akisema, "Mwanangu ana akili nyingi, ni mwalimu amchukiaye." Mwingine husema mbele ya mtoto, "Huyu hana kitu, na aende kuchunga mbuzi." Wa kwanza hutumaini kwa kufumba macho; wa pili ameona alama, asione mtoto. Wa tatu huchukua karatasi, huisoma hesabu kwa hesabu, kisha jioni huwasha taa na kuketi na mwanawe. Hajui kama mtoto atafaulu, wala hamwambii uongo.

Tena liko jambo moja kubwa linalopita mpira. Shabiki aliye mbali akikata tamaa, wachezaji hawajui, wala miguu yao haipungui nguvu. Bali mtoto hujua. Hulisikia neno la baba yake, huuona uso wa mwalimu wake, na mara nyingi huwa kama walivyomdhania. Basi kukata tamaa kwetu si mawazo yetu tu. Ni mzigo tumtwikao yeye.

Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tusiwacheke mno wale mashabiki wa timu ya mwisho. Tuwaulize tu kama uvumilivu ule walio nao kwa watu kumi na mmoja wasiowajua, wanao pia kwa yule mmoja aliye nyumbani mwao.