Zinusuruni Kanda Kabla Hazijanyamaza

Ndugu zangu wapenda muziki, wapigaji, mafundi mitambo, na ninyi mlioachiwa kanda na wazazi wenu: wekeni chini ubishi. Tumebishana vya kutosha kama utepe una sauti tamu kuliko kompyuta. Huku tukibishana, utepe unaoza.

Wapenzi wa analojia wana hoja, nami nasimama nao. Bendi kama NUTA Jazz na Morogoro Jazz ziliporekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, zilipiga kwa pamoja, waimbaji na tarumbeta na magitaa kwa mkupuo mmoja. Ukikosea, mnaanza upya. Kwa hiyo watu walifanya mazoezi, wakasikilizana. Na tarumbeta ilipozidi nguvu, utepe haukukata sauti ghafla kama dijitali inavyokata. Uliibana polepole, ukaipa unene. Unene huo ndio masikio yetu yanaoulilia. Enyi vijana wa leo, kompyuta haijawakataza kuingia studio pamoja. Ingieni!

Lakini mapenzi hayazuii kuoza. Utepe ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma kwa gundi. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, na unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mnaujua wenyewe. Ipachike kanda ya namna hiyo kwenye deki: italia kwa mlio mkali, mwendo utalegea, na ukichungulia hedi utakuta utando wa kahawia unaonata kidoleni. Utando huo ndio muziki wenyewe, umebanduka. Kila unapoirudia unaukwangua zaidi. Kanda za zamani zaidi, za asetati, hunuka siki. Ukiisikia harufu hiyo, ujue plastiki yenyewe inavunjika na haitarudi. Zenye gundi mbovu fundi mjuzi anaweza kuzioka taratibu, nyuzijoto 54 hivi kwa saa kadhaa, zikapigika kwa muda. Asetati isioneshwe joto hilo kamwe.

Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya wahifadhi sauti, IASA, walitoa tahadhari: ikifika 2025 hivi, kupiga kanda kutakuwa taabu kwa kukosa mashine, vipuri na mafundi. Mwaka huo umeshafika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ndugu zangu!

Basi ipokeeni dijitali, tena kwa heshima yake. Usimpe mtu kanda ya marehemu baba yako aigeuze MP3, kisha ukaitupa. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Wahifadhi hutumia faili la WAV la biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde. Saa moja ya stereo ni gigabaiti 2 na kidogo tu. Flashi ya kawaida inameza saa nyingi za muziki wa namna hiyo. Udhuru uko wapi? Ila flashi nayo hufa, na hufa bila kuaga. Kanda iliyochakaa hubakiza walau sauti ya kukwaruza, lakini faili lililoharibika mara nyingi halifunguki kabisa. Wekeni nakala tatu, na mojawapo ilale nyumba nyingine, mtaa mwingine. Kanda yenyewe itunzeni hata baada ya hapo.

Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri. Sauti yake tunaisikia leo kwa sababu wapo waliozitunza santuri hizo na waliozihamishia kwenye dijitali. Nani atawafanyia hivyo wapigaji wa taarabu za harusini ambao sauti zao zimo kwenye kaseti moja tu duniani?

Ninyi mnaopanga bajeti za redio za taifa, nawasihi: maktaba ya kanda itengewe fungu mwaka huu, na wazee wa mitambo waitwe wawafundishe vijana wangali hai. Na wewe mwenye boksi la kanda juu ya kabati, lishushe wiki hii. Andika kwenye kila ganda jina la bendi, mwaka na waliopiga, maana wanaowajua wanatutoka. Usiipachike kanda yoyote kwenye deki kujaribu. Ipeleke kwa fundi.