Harufu Iliyopuuzwa Guadalajara

Wakazi wa Analco, mtaa wa zamani katika jiji la Guadalajara nchini Meksiko, walianza kulalamika siku kadhaa kabla ya msiba. Vyoo vilinuka petroli. Macho yaliwawasha, makoo yaliwakereketa. Wakapiga simu, wakataka mtu aje aangalie. Mafundi walikuja, wakafunua chemba, wakapima, wakakuta mvuke wa petroli umefikia kiwango cha hatari. Hata hivyo wakuu wa jiji waliona hakuna haja ya kuwahamisha watu. Usiku wa tarehe 21 Aprili 1992 Analco ililala juu ya mfereji uliojaa petroli.

Kesho yake, saa nne na dakika chache asubuhi, barabara ililipuka. Haukuwa mlipuko mmoja. Ilifuatana kwa zaidi ya saa nzima, ikifuata njia ya majitaka chini ya mitaa, na Mtaa wa Gante ukabaki shimo refu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilomita 8 hivi za barabara ziliharibika. Waliokufa walizidi 200 kwa hesabu ya serikali, na maelfu wakakosa pa kulala.

Petroli ilifikaje mferejini? Bomba jipya la maji, la chuma kilichopakwa zinki, lilikuwa limepitishwa karibu mno na bomba la petroli la Pemex, kampuni ya mafuta ya taifa. Metali mbili tofauti zikikaribiana kwenye udongo wenye unyevu, moja huweza kuliwa. Bomba la petroli likatoboka, mafuta yakapenya ardhini hadi kwenye majitaka. Huko yakakuta mtego mwingine: mfereji mkuu ulikuwa umepindishwa uende chini, upite chini ya njia ya treni, kisha upande tena. Maji yalipita kwenye kona hiyo bila shida, lakini mvuke haukuweza kupita. Ukajikusanya, ukangoja cheche.

Lawama za mwanzo ziliangukia kiwanda cha mafuta ya kula, kwamba kimemwaga heksani, kiyeyusho kinachotumika kutoa mafuta kwenye mbegu. Baadaye ndipo uchunguzi ulipofika kwenye bomba la petroli. Mzunguko huo una maana kwa kila mji wenye viwanda. Mfereji wa umma hupokea cha kila mtu, na kilichokwisha kuingia hakina jina la aliyekimwaga. Kwa hiyo mamlaka ya majitaka isiyo na orodha ya nani ameunganishwa wapi, na anahifadhi kemikali gani, itaanza kutafuta mwenye kosa saa ambayo ingepaswa kufunga vali.

Nasi wa Afrika Mashariki tuna msiba wetu. Tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yalivuja kutoka kwenye mitambo ya kampuni ya bomba la mafuta ya Kenya, yakaingia kwenye mtaro unaopita Sinai, kijiji cha mabanda katika eneo la viwanda la Nairobi. Watu walikuja na ndoo na madumu kuyateka. Moto ukawaka wakiwa palepale, na zaidi ya 100 wakafa. Ni rahisi kumlaumu aliyebeba dumu. Lakini mtu anayehesabu shilingi za mafuta ya taa kila jioni akiona mafuta ya bure yanapita mlangoni, hatasimama kuwaza hatari ambayo hakuna aliyewahi kumweleza. Jirani wa bohari la mafuta anapaswa kuelezwa mapema, na siku ya ajali apigiwe king'ora kabla harufu haijamfikia.

Kinga huanzia uani kwa kiwanda. Tangi la kemikali lizungushiwe ukuta unaoweza kubeba yote yaliyomo likipasuka, na vali ya kutolea maji ya mvua ndani ya ukuta huo ikae imefungwa. Kila mfanyakazi ajue mtaro upi unakwenda kwenye majitaka na upi unakwenda mtoni. Mchanga na vifuniko vya mitaro viwe karibu na mahali pa kupakulia, si kwenye stoo ambayo ufunguo wake anao mtu aliye likizo.

Kemikali ikimwagika, zima chanzo, ziba mtaro, fukuza kila moto na kila injini, kisha toa taarifa papo hapo. Usichukue mpira wa maji ukasafisha sakafu: umelihamisha tatizo kutoka uani kwako hadi chini ya nyumba za watu. Wala mtu asiingie kwenye chemba kumwokoa mwenzake bila kipimo cha gesi na vifaa vya kupumulia, maana wengi wamekufa wakimfuata aliyetangulia. Taarifa ya mapema huokoa hata mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Ruai yanayohudumia Nairobi. Kazi yake hufanywa na bakteria, na sumu ikiwaua, uchafu hupita mzima hadi mtoni.

Vifaa hivyo vyote vinanunulika. Kilichokosekana Guadalajara hakiuzwi dukani. Kipimo kilikuwepo, namba zilisomwa, ila hakupatikana mtu wa kuamuru watu watoke. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kuhamisha mtaa bure kunagharimu siku moja ya biashara na matusi ya waliosumbuliwa. Kwa hiyo mpango wa dharura wa kila mji utaje mapema ni afisa gani ana mamlaka ya kutoa amri hiyo na kwa kiwango gani cha mvuke, na uandike wazi kwamba hataadhibiwa akiwahamisha watu halafu mlipuko usitokee.